Nati ya Kati ya Kumi na Kumi na Moja

Ikramuddin alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya kukereza, akikandamiza mche wa sabuni kwenye meno ya shafti, wakati mkewe Shabnoor alipotokea mlangoni na ndoo ya nguo, akiitafuta sabuni hiyo hiyo.

"Baba Afreen, unafua nini hapo?"

"Subiri kidogo. Njoo uone." Akaibandua sabuni taratibu. Upande mmoja ulikuwa umechorwa mifereji iliyopangana vizuri kabisa. "Unaona? Meno yote yamebaki humu."

"Naona sabuni yangu imeharibika."

"Haijaharibika, itafua tu."

"Siku tisini unacheza na hicho chuma," Shabnoor alisema. "Leo ndiyo ya tisini. Mkaguzi anakuja saa tisa. Utamwonyesha mapovu?"

Hakuwa anatania. Kituo cha kuwaendeleza mafundi kilikuwa kimegawa mashine ishirini na mbili za umeme hapa Khata Kheri, mtaa wa mafundi wa mbao, kwa sharti moja: ndani ya siku tisini mkerezaji atoe bakuli la mbao, la sivyo mashine inarudi. Ikram alikuwa ameuza mashine yake ya zamani, ya mkanda na kanyagio, ili hii mpya ipate pa kukaa. Hii ikiondoka, chumba kitabaki na sakafu tu, naye atabaki na mikono tu.

Na mashine yenyewe ililetwa uchi. Mguu wa kitanda au mti wa kusukumia roti, yaani chapati, unaubana huku na huku, unakereza. Bakuli halitaki hivyo. Bakuli lazima lishikwe kwa nyuma peke yake ili mdomo uwe wazi, na cha kulishika ni sahani ya chuma inayofungwa kwenye shafti kwa meno. Sahani haikuja. Ikram alikwenda kituoni mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa vifaa viko kwenye faili lingine. Mara ya pili, mwenye faili yuko likizo. Mara ya tatu, aliulizwa yeye ni nani. Basi majirani wakaanza kuanika nguo kwenye mashine zao, na kusema kweli kwa kazi hiyo zilifaa sana.

Ikram yeye alikuwa na udadisi kama ugonjwa. Alijiambia, sahani ni kitu gani? Ni bamba la chuma na nati nyuma yake. Nikipata nati inayoingia kwenye shafti, nachomelea bamba, yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mafundi wa hapa wanapima kwa sut, nane kwa inchi moja, tangu babu zao. Alipima shafti akapata sut kumi na kidogo. Hicho kidogo hakuna fundi anayekihesabu, ukikitaja unachekwa. Akanunua nati ya sut kumi, ikakataa hata kuonja ncha. Akanunua ya kumi na moja, ikaingia yote kwa mara moja na kutikisika kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto.

"Nimefikiri usiku kucha," alimwambia mkewe akijifuta mikono. "Tatizo si nati. Tatizo ni sisi na sut zetu."

"Haya, nenda ukawaambie sokoni. Lakini sabuni irudi."

Kwenye uwanja wake wa vyuma chakavu, Bhure Khan alikuwa ameketi juu ya kiti cha basi kisicho na basi, anakunywa chai. Mbele yake nati na boliti zilikuwa zimepangwa mafungu mafungu: sut nne, tano, sita, mpaka kumi na sita. Alipoona Ikram anatoa sabuni mfukoni, alicheka hadi chai ikamwagika.

"Ikram bhai, ndugu yangu! Umekuja kuniogeshea vyuma?"

"Chacha," Ikram alisema, akimwita baba mdogo kwa heshima, "nataka nati inayokaa kwenye alama hizi."

"Sut ngapi?"

"Kati ya kumi na kumi na moja."

"Kati ya kumi na kumi na moja hakuna kitu, mwanangu. Mungu aliumba kumi, akapumzika, akaumba kumi na moja."

"Sasa shafti yangu aliiumba nani?"

"Hiyo waulize waliokupa bure."

Ikram hakukasirika. Alichuchumaa akaanza kulaza boliti moja moja kwenye mifereji ya sabuni. Boliti yenye meno yale yale italala na kutulia. Yenye meno mengine itapanda juu ya kingo. Ya kumi ikapanda. Ya kumi na moja ikapanda zaidi. Akajaribu hata zile za sut tisa ambazo alijua hazifai, kwa sababu alitaka tu kuona zinakosea kwa kiasi gani. Watu wawili waliokuja kununua mabomba wakasahau mabomba wakasimama kumtazama.

Kisha akauliza, "Na zile kule?"

Nyuma ya uwanja vibarua walikuwa wanapakia lundo la boliti kwa sepeto ndani ya lori.

"Achana nazo. Zimetoka kiwanda cha sukari walipobomoa mitambo. Haziingii kwenye fungu lolote. Zinakwenda kuyeyushwa."

"Haziingii kwa nini?"

"Hazina sut! Za milimita, sijui za ngapi. Nani ana muda?"

Ikram alikuwa ameshafika kwenye lori. Akaokota boliti yenye mafuta na masizi, nati yake ikiwa bado nchani, akailaza kwenye sabuni. Ikazama, ikatulia. Akaisukuma kwa kidole. Haikusogea kushoto wala kulia. Akaona aibu kufurahi hivyo mbele za watu, lakini akafurahi.

"Chacha, njoo!"

Bhure Khan alikuja akiburuta makubadhi. Akainama, akaangalia.

"Miaka arobaini nauza nati," alisema. "Kumbe za kati nilikuwa natupa mwenyewe."

Akazuia sepeto kwa mguu. Akamtolea nati nne bila kuzipima, akamwambia akimbie kabla hajabadili mawazo.

Dharampal, fundi wa kuchomelea, alikuwa na bamba la diski ya jembe la trekta lililokwisha makali. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache yenyewe ni ya matusi. Alichomelea nati kwa kudonoa, nukta upande huu, nukta upande wa pili, ili chuma kisivutike.

"Ukiharakisha itakaa upande, punda wewe," alisema Ikram alipomhimiza. "Bakuli lako litacheza ngoma."

Umeme ukakatika saa sita, kama kawaida. Kuanzia hapo mpaka saa nane Ikram alikaa mbele ya mashine akifunga na kufungua sahani yake kwa mkono. Mizunguko saba, kisha inaketi. Mizunguko saba. Shabnoor alimletea dengu na roti, akamkuta anatabasamu peke yake.

"Hebu nijaribu," alisema. Akaizungusha mpaka mwisho, akaigonga kwa kiganja. "Mh! Imekaa kama imezaliwa hapo."

Saa nane na dakika tatu umeme ukarudi, feni ikazunguka. Ikram alifunga gogo la shisham, mti mgumu wa kahawia, kwenye sahani kwa skrubu nne, akawasha. Kwanza lilitetemeka, akalipunguza upande mzito, likatulia. Vumbi la kahawia likaruka, likamjaa kwenye ndevu. Saa tisa mkaguzi, Bwana Tyagi, alipoingia akijipepea na faili, ndani ya mbao palikuwa pamekwisha kuchimbika, mdomo wa bakuli uko wazi na unang'aa.

"Shabashi!" Tyagi alisema akitoa simu, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. "Ndiyo hii! Simama karibu nikupige picha. Halafu weka saini hapa."

Ikram alikuwa anajua kusoma, jambo ambalo Tyagi hakulitarajia. Karatasi ilisema: nimepokea mashine kamili pamoja na sahani, taya za kubania na vifaa vyake vyote.

"Mheshimiwa, sahani sikupewa."

"Na hiyo ni nini?"

"Hii ni ya kiwanda cha sukari."

Tyagi akapunguza sauti, kama mtu wa nyumbani. "Ikram bhai, mambo ya nini? Sahani ipo, picha itaionyesha. Weka saini, mashine ni yako maisha. Usipoweka, nitaandika umeichezea mali ya serikali. Jumatatu gari linakuja kuichukua."

Ikram alishika kalamu. Tusimdanganye mtu: aliitaka mashine ile. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Lakini udadisi ukamwasha tena.

"Na wale ishirini na mmoja wengine?"

"Watasaini baada yako. Wakiiona picha ya mashine kamili, watabisha nini?"

Basi Ikram akazima mashine. Akashika sahani kwa mikono miwili, bakuli likiwa bado limeng'ang'ania, akaizungusha kinyume mara saba. Ikatoka. Akampa Shabnoor, naye akaikumbatia kifuani, vumbi likamwagikia shela. Kwenye mashine ikabaki shafti tupu.

"Haya, piga sasa," Ikram alisema. "Hivi ndivyo mlivyoileta."

Tyagi alitazama shafti, akamtazama yeye, akarudisha simu mfukoni. Karatasi akaikunja mara mbili.

"Jumatatu," alisema, akatoka.

Ikram akaketi kwenye maganda ya mbao.

"Leo Alhamisi," Shabnoor alisema.

"Najua."

"Mpaka Jumatatu, mashine hii inaweza kutoa mabakuli mangapi?"

Akafikiri, akahesabu saa za umeme kwa vidole. "Umeme ukikubali, thelathini. Thelathini na tano."

Shabnoor akamrudishia sahani.

"Sasa umekaa unangoja nini?"