Mstari wa Majibu

Zahanati za binafsi zilipozidi kufunguliwa Bariadi, kila mwenye zahanati akataka mfumo wa kompyuta, na Milembe akaitengenezea zahanati moja mfumo wake. Alijiona fundi kweli. Daktari aliona kila kitu kwenye ukurasa wa mgonjwa. Violeth wa mapokezi aliona jina, kijiji na tarehe ya kurudi, basi. Ila mstari wa majibu ya vipimo Milembe hakuuzuia. Aliufunika tu kwa faili la mapambo, lile linalopanga rangi na herufi. Mstari ulifika kwenye kompyuta ya Violeth, macho yake ndiyo hayakuuona. Uvivu mtupu! Kuuzuia kungemchukua nusu siku.

Asubuhi moja Milembe alikuja mapokezi kutengeneza printa. Mtandao ulikuwa unasuasua, na ukurasa wa mzee mmoja wa Lalago ukafunguka uchi, bila rangi wala visanduku, faili la mapambo limekwama njiani. Chini kabisa, majibu yake yote. Violeth hata hakushtuka.

Wa tatu kwenye foleni alikuwa Mektilda, dada yake Milembe. Wiki iliyopita alikutwa na virusi vya Ukimwi, akamwambia Milembe peke yake. Mumewe alikuwa bado hajui, na Violeth ni dada wa huyo mume.

Milembe akafungua laptop, akaandika sharti jipya: kwa asiye daktari, mstari ule usitumwe kabisa. Akaanza kulipakia kwenye mfumo. Asilimia ishirini, arobaini, ikaganda. Mgonjwa wa kwanza akaitwa, kisha wa pili.

"Wifi, zamu yako," Violeth akaita.

Hapo ndipo ikafika mia. Milembe akachungulia begani kwa Violeth. Ukurasa ulifunguka uchi vilevile: jina, kijiji, tarehe. Chini hapakuwa na kitu. Mektilda akaingia kwa daktari, na Milembe akashusha pumzi.

Violeth akangoja mlango ufungwe.

"Mtandao uko hivi tangu Jumatatu," akasema taratibu. "Wifi nilishamsoma."

Milembe akafunga laptop.

"Sijamwambia kaka, wala sitamwambia. Atasema mwenyewe akiwa tayari. Lakini nimewasoma na wengine kumi na saba, na kila siku nakutana nao sokoni. Hao utawatoa vipi kichwani mwangu?"

Kisha akamwita mgonjwa wa nne.