Farasi wa Baba Lydia

Lydia aliposhuka kwenye basi, mama yake alitarajia nazi za Tanga. Badala yake binti alikuwa amekumbatia ndoo aliyoifunga kanga kama mtoto mchanga, na kumbe ndani mlikuwa na samaki. Si sato wala mgebuka. Kilikuwa kidude cha urefu wa kidole, kichwa cha farasi, mkia wa kinyonga, kimejizungusha kwenye kijiti kama kinachosubiri kuitwa jina.

"Farasi-bahari," Lydia alisema. "Kazaliwa chuoni kwetu, kwenye matangi. Dume."

"Analiwa?" Mzee Adolfu akauliza.

"Baba!"

Tangi la kioo likawekwa sebuleni pale Malangali, juu ya kabati la vyombo, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Likizo haijaiva, Lydia akaitwa Wampembe kusaidia kazi ya kuchunguza samaki wa ziwani, ikabidi farasi akabidhiwe baba. Masharti yake yalizidi ya mwali. Chumvi isizidi wala isipungue. Kipasha maji kisizimwe, maana baridi ya Ufipa haina adabu. Pampu ya hewa itoe mapovu usiku na mchana. Na chakula ni uduvi hai tu, wadogo kama vumbi, wa kutotolewa kwenye chupa kila siku.

"Ugali hali kabisa?"

"Hali, baba."

"Basi huyo ana madeko."

Adolfu alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi, mtu ambaye hajawahi kumbembeleza hata mwanawe ale. Lakini alipoinama kumwagia uduvi mara ya kwanza, samaki alimtazama kwa jicho moja, na kwa jicho la pili akamchunga Bertilla, mke wa mzee, aliyekuwa mlangoni. Adolfu akajiona amepata mwenzake. Tangu hapo akawa anawahi kurudi shambani, anatembea kwa vidole, na mgeni akibamiza mlango anakaripiwa kabla ya kukaribishwa.

"Miaka yote hii," Bertilla alisema, "mimi sijawahi kuulizwa kama nimekula."

Mara tumbo la farasi likaanza kuvimba. Mzee akahaha. Akamwita jirani yake Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, mtu mwenye sifa ya kujua mnyama kwa kumtazama tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwangalie huyu."

Masanja akachutama mbele ya kioo, akatazama, akaguna. "Mzee, huyu ana mimba. Tena ya siku za mwisho."

"Ni dume, Masanja."

"Mimi nimeona matumbo mengi."

"Dume! Lydia kasema!"

"Haya, basi kavimbiwa. Ng'ombe akivimbiwa namnywesha mafuta ya alizeti." Masanja akakitazama tena kile kinywa, chembamba kama sindano, akakuna kichwa. "Ila huyu sijui tutammiminia wapi."

Wakampigia Lydia. Mtandao wa kule ziwani ulikuwa wa kuokoteza maneno. "Baba... tumbo... kawaida... usimguse... yeye ndiye..." Simu ikakata.

"Yeye ndiye nini?"

"Yeye ndiye mgonjwa," Masanja akamalizia, kwa huzuni.

Kesho yake alfajiri umeme ukakatika, mapovu yakanyamaza. Adolfu akaruka kitandani na blanketi mabegani, akachomoa pampu ya baiskeli, akatumbukiza mpira wake majini, akaanza kupiga hewa. Masanja alikuja kuleta maziwa, na kabla hajatua kibuyu akapewa zamu. Bertilla akachemsha maji, akajaza chupa, akaziegemeza kwenye kioo kupasha joto.

Katikati ya kupampu, farasi akajikunja, akajinyoosha, akajikunja tena kama mtu mwenye kikohozi kikavu. Ghafla tumboni mwake mkafyatuka wingu la vitu vidogo vyembamba.

"Minyoo!" Adolfu akapiga kelele. "Kajaa minyoo!"

Bertilla akasogeza uso kwenye kioo. "Minyoo gani, Baba Lydia, ina vichwa vya farasi?"

Wakatazamana. Kisha Bertilla akapiga vigelegele, mtaa mzima ukaamka.

Akina mama wa jumuiya walijaa sebuleni, Fortunata na Justina mbele. Bertilla akasimama kando ya tangi kama katekista. "Mnaona? Mwanaume kabeba, mwanaume kazaa. Na hakuna aliyemsikia akilalamikia mgongo." Waume waliokuwa mlangoni wakaanza kukumbuka shughuli zao. Masanja alishaondoka kitambo. Alionekana zizini akimzunguka fahali wake, akimtazama tumbo.

"Na uji wa mzazi anakunywa nani?" Justina akauliza.

Ukapikwa wa ulezi, mzito, akanyweshwa Adolfu, ambaye kwa kupampu alikuwa hajiwezi mikono.

Umeme ulirudi jua likiwa limepanda. Siku chache baadaye Lydia naye aliporudi kutoka ziwani, alimkuta baba yake akilisha vitoto kwa kichupa kitupu cha dawa ya macho, hataki hata kusalimiwa. Wengi walikuwa wamekufa. Hata chuoni hufa hivyo, Lydia alimwambia, na hawa waliobaki ni wengi kuliko alivyotegemea.

"Nilikuwa nakwambia yeye ndiye anayezaa! Jike humpa mayai tu, dume hubeba mfukoni."

"Na huyo jike yuko wapi?"

"Tanga."

"Anajua kwamba mwenzake kajifungua?"

"Hajui, baba."

"Hata salamu!" Adolfu akatikisa kichwa, akachukia kweli.

Siku ya Lydia kurudi chuoni na farasi wake, stendi ilikuwa na ukungu na upepo wa kukata masikio. Adolfu akavua koti lake, akaizungushia ndoo, akafunga vifungo vyote.

"Mzee, ndani kuna nini?" kondakta akauliza.

"Mzazi na watoto," Adolfu akajibu. "Hilo dirisha lao lisifunguliwe mpaka Mbeya."

Kisha akarudi nyumbani na shati, meno yakigongana, Bertilla akimfuata nyuma hatua chache, kwa kuwa mzee alikuwa anafuta macho.