Sahihi ya Pili

Saa moja kasoro robo asubuhi Sista alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha saba, akibandua bandeji kwenye kidonda cha mguu wa fundi mwashi. Alikwisha kuilowesha kwa maji ya chumvi, lakini shashi ya chini ilikuwa imegandana na nyama, na kila alipoivuta kidogo, mwashi alikamata chuma cha kitanda mpaka mishipa ya mkono ikamtutumka.

"Kinanuka, Sista," alisema mwashi. "Usinifiche. Nilipoletwa hapa kilikuwa hakinuki."

"Kitapona."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo."

Mwashi alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika mguu. Alipasuliwa vizuri, akashonwa vizuri. Kidonda kilikuja kuharibikia humu humu wodini, kama kilivyoharibika cha kitanda cha nne na cha kitanda cha kumi na moja. Katika miezi miwili vilikuwa vimefika vidonda vitano. Wodi ya upasuaji haikuwahi kuwa hivyo tangu akabidhiwe yeye.

Alipokuwa akifunga bandeji mpya, muuguzi wa zamu alikuja mbio akainama sikioni mwake.

"Sista, kimenuka. Afisa utumishi anakutaka saa nne, kwenye kamati ya nidhamu. Ni kesi ya Mama Deki."

Mkono wa Sista ulisita juu ya pini. Alijua siku hiyo ingekuja, ila alikuwa amejidanganya kwamba ingepita mbali naye.

Mama Deki alikuwa mhudumu wa usafi, mwanamke wa makamo aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Jina hilo alipewa na wagonjwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila fagio la deki mkononi, na mwenyewe alilipenda. Alimwita Sista "mdogo wangu", na Sista alimwita "dada", hata mbele ya madaktari.

Mambo yalianza na mkurugenzi mpya. Hakuwa mtu mbaya, na pengine ndiyo maana walimwamini upesi. Alipofika alikusanya watu wote uwanjani akawaambia hospitali haibadilishwi kwa nyaraka za kubandikwa ukutani. "Anayejua ubovu wa sakafu ni anayeipiga deki," alisema. Siku ya pili aliamuru meza ndefu ya ukumbini itolewe, viti vikapangwa mviringo. Kila Jumatano saa tisa kikawa kikao, wakakiita Duara. Mlangoni kulikuwa na kikapu. Ukiingia unavua beji yako unaitumbukiza, daktari bingwa na mpishi sawasawa, ili humo ndani asiwepo bosi wala mtwana.

Kila wodi ilitoa kinara wa mabadiliko, na wodi ya upasuaji ikamtoa Sista. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza anaonaje. Siku hiyo alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Leo wameniuliza mimi," na mumewe akacheka kwa jinsi alivyolisema, kama msichana aliyechaguliwa kiranja.

Na Duara lilifanya kazi, si uongo. Msukuma machela alieleza kwa nini foleni ya picha za eksirei haiishi, na baada ya siku kumi ikapungua nusu. Mfua nguo alipendekeza mashuka yaanze kufuliwa alfajiri, na wagonjwa wakaacha kulala juu ya godoro tupu. Ndipo Sista alipoanza kuwakalia kooni watu wake mwenyewe. Semeni. Msinichoreshe kwa wenzangu, nanyi semeni.

Mama Deki alikataa katakata. "Mimi kazi yangu kupiga deki, mdogo wangu. Hayo ya kukaa kwenye viti na kusema, waachie wenye vyeti."

Sista alimfuata mpaka chumba cha ndoo, akafunga mlango. "Dada, una jambo. Nakuona. Hakuna atakayeadhibiwa kwa kusema, mkurugenzi ametamka mwenyewe. Nakuhakikishia."

"Nani ananihakikishia? Yeye au wewe?"

"Mimi."

Jumatano iliyofuata Mama Deki alinyanyuka kwenye kiti, akaanza kuongea huku akitazama viatu vyake. Alisema dawa ya kuua vijidudu wanayopewa kwa ajili ya sakafu imekuwa maji yenye rangi. Stoo wanaizimua, na wiki nyingine hawatoi kabisa. Alipolalamika, bwana stoo alimwambia asaini fomu ya usafi kama kawaida, kwamba dawa imetumika, kwani fomu isiyojazwa ingesababisha wodi nzima iandikwe chafu. "Nimesaini tangu mvua zianze," alisema. "Na wagonjwa wanaoza miguu. Mimi sijasoma, lakini pua ninayo."

Mkurugenzi alivua miwani, akavuka mviringo, akamshika Mama Deki mikono yote miwili. "Hii ndiyo hospitali ninayoitaka," alisema, na sauti yake ilitetemeka. Sista alifurahi. Alijiona kama mkunga aliyepokea mtoto salama.

Wiki tatu baadaye barua ilifika. Haikwenda kwa bwana stoo, ambaye manunuzi yake yote yalikuwa na mihuri ya wakubwa. Ilikwenda kwa Mama Deki: kughushi kumbukumbu za hospitali, kwa kukiri kwake mwenyewe mbele ya mashahidi arobaini.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Sista hakumwambia mtu, hata mumewe. Fomu ya usafi ilikuwa na sahihi mbili. Ya kwanza ya aliyesafisha, ya pili ya msimamizi wa wodi. Kila asubuhi ililetwa kati ya karatasi nyingine ishirini, naye akaipitishia kalamu akiwa amesimama. Je, alijua? Alijua ile harufu kali ya dawa, iliyokuwa ikimwasha macho kila aingiapo, haipo tena. Alijiambia labda wamebadilisha aina. Jibu hilo lilimtosha kwa sababu hakutaka kulichunguza.

Saa nne walikuwa watu wanne nyuma ya meza. Ilikuwa ile meza ndefu ya ukumbini, iliyohamishiwa ofisi ya utumishi. Afisa utumishi alikaa katikati na faili nene mbele yake. Mkurugenzi alikaa pembeni kabisa, mahali pa mtu aliyekuja kusikiliza tu. Mama Deki alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama.

"Fomu sitini na mbili," alisema afisa utumishi. "Hizi sahihi ni zako?"

"Ni zangu."

"Na dawa haikutumika?"

"Haikutumika kwa sababu haikuwepo. Niliieleza stoo. Nilieleza hata kule kwenye Duara, mbele yenu."

"Hatuzungumzii Duara. Tunazungumzia kumbukumbu rasmi. Una shahidi kwamba ulilazimishwa kusaini?"

Mama Deki aligeuka. "Sista anajua. Anaingia mle kila siku. Na yeye anasaini."

Wote wanne walimtazama Sista. Afisa utumishi alifunga faili taratibu na kusema kwa upole, karibu kama rafiki. "Sista, wewe ni kinara wetu. Kabla hujajibu, nikukumbushe tu. Mtu akikiri kwamba alijua na akasaini, naye anaingia kwenye shauri hili hili. Fikiri vizuri."

Alimtafuta mkurugenzi kwa macho. Mkurugenzi alikuwa akipekua karatasi ambayo haikuwa na maandishi upande wa pili. Sista alimfikiria binti yake aliyekuwa mwaka wa pili chuoni. Alifikiria wodi, nani angeishika akiondolewa. Alijishangaa jinsi sababu zilivyokuwa nyingi na zilivyokuja haraka, zikiwa zimejipanga tayari, kana kwamba zilikuwa zikisubiri nje ya mlango.

"Nasaini karatasi nyingi," alisema. "Siwezi kupima kila ndoo."

"Kwa hiyo hukujua?"

"Sikujua."

Mama Deki hakumtazama tena. Alifungua mkanda wa kiunoni, akatoa funguo za chumba cha ndoo, akaziweka mezani kabla hata hajasomewa uamuzi.

Aliposomewa kwamba amefukuzwa kazi alitoka, na Sista akamkimbilia koridoni. "Dada! Dada, nisikilize."

"Niache nikachukue viatu vyangu," alisema Mama Deki, akapita.

Mkurugenzi alitokea nyuma, akasimama naye dirishani. Alionekana amechoka kweli. "Nilijaribu kupunguza adhabu," alisema. "Lakini taratibu za utumishi siwezi kuzivunja. Mabadiliko yana gharama zake, Sista."

Sista alitaka kuuliza gharama hizo ni za nani. Alichouliza ni hiki: "Duara lipo leo?"

"Lipo. Na wageni kutoka makao makuu wanakuja, wanataka kuupeleka mfumo wetu hospitali nyingine. Wewe ndiye utafunga kikao. Nakutegemea."

Saa tisa beji zilijaa kikapuni kama kawaida. Wageni watatu walikaa kwenye mviringo na madaftari mapya magotini. Mkurugenzi alieleza jinsi sauti ya mtu wa chini inavyoiendesha hospitali, kisha akawaachia watu uwanja.

Msukuma machela alisema kila kitu kiko poa. Mpishi alisema jikoni hakuna tatizo, tunashukuru uongozi. Mfua nguo alisema yeye hana la kuongeza. Mhudumu mpya wa usafi, aliyeletwa na kampuni ya usafi mchana ule ule, alisema sakafu ni safi. Mtu mmoja baada ya mwingine, watu waliokuwa wakikatizana maneno mwezi uliopita, sasa walipitishiana zamu kama wanaopitishiana chumvi. Walikuwa wameelewa somo. Kiti kimoja kilikuwa wazi, na hakuna aliyelitazama pengo lake.

Sista alisimama. Alikuwa ameandaliwa maneno ya kufunga, yako mfukoni.

"Leo asubuhi nimesema uongo," alisema. "Mbele ya kamati. Nimeulizwa kama nilijua sakafu ya wodi yangu haina dawa, nikasema sikujua. Nilijua. Sahihi ya pili kwenye zile fomu ni yangu, zote sitini na mbili. Mwanamke aliyetuambia ukweli humu ndani amefukuzwa kwa sahihi ile ile ambayo mimi ninayo, na mimi ndiye niliyemshawishi aseme."

Alisubiri afisa utumishi anyanyuke, alisubiri aambiwe atoke nje. Alikuwa tayari, au alidhani yuko tayari.

Mgeni mmoja aliweka kalamu chini akaanza kupiga makofi. Mwenzake akafuata, kisha mkurugenzi, kisha mviringo wote, maana ilibidi. "Huu ndio uongozi mpya," alisema mgeni, macho yakimng'aa. "Kiongozi anayethubutu kuonyesha udhaifu wake! Hili lazima liingie kwenye ripoti." Akaomba wapige picha.

"Kwa hiyo Mama Deki anarudi kazini?" aliuliza Sista makofi yalipokatika.

Wageni walimtazama mkurugenzi. "Hilo ni suala la utumishi," alisema mkurugenzi. "Tusichanganye mambo."

Saa kumi na moja jioni jua lilikuwa bado kali. Mama Deki alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao, na Sista alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda mbele ya beseni la povu, anafua sare zake za kazi. Alijibu hodi, akaingia ndani mwenyewe kumtolea mgeni kiti na maji ya kunywa, kama ambavyo angemfanyia mtu yeyote.

"Za nini tena hizi, dada?" aliuliza Sista.

"Nimeambiwa nizirudishe kesho. Zikiwa safi. Wameiandika kabisa kwenye barua."

Sista alimsimulia yaliyotokea kwenye Duara. Mama Deki alisikiliza bila kuacha kusugua kola.

"Wakakufanyaje?"

"Walinipigia makofi."

Mkono wa Mama Deki ulisimama. Alimtazama Sista, akaguna, na Sista hakuweza kujua kama ni kicheko.

Sista alifungua mkoba, akatoa karatasi mbili alizokuwa ameziandika kwa mkono kabla ya kutoka kazini. Humo alikuwa ameeleza kila kitu, kuanzia ndoo na bwana stoo mpaka neno alilolisema asubuhi, akatia sahihi chini. Alisema ni za ofisi ya kazi. Alisema wataenda pamoja kesho, na atasimama mbele ya yeyote.

Mama Deki alijifuta mikono kwenye kanga, akazisoma polepole, midomo ikitikisika. Alipomaliza alizikunja vizuri, akaziingiza kifuani.

"Umeandika vizuri. Nitazipeleka mwenyewe."

"Nataka twende wote, dada."

"Kule wana foleni ya miezi. Nimemuuliza mtu." Alirudi kwenye kigoda. "Asubuhi nilipokugeukia, sikuwa nahitaji barua. Nilikuwa nahitaji useme ndiyo, basi. Neno moja. Wote wanne walikuwepo."

Kila ambacho Sista angeweza kusema kilikuwa kimechelewa kwa saa saba. Aliinama ili ashike ncha ya pili ya gauni la sare wakamue pamoja, lakini Mama Deki alilivuta upande wake bila ukali, akalikamua peke yake.

Kisha akalikung'uta, akalinyanyua kwenye mwanga, akalichunguza kwapani, ukosini na kwenye pindo. Palikuwa na alama ndogo ambayo Sista hakuiona mpaka alipoonyeshwa kwa kidole.

"Halijatakata," alisema Mama Deki, akalirudisha majini.