Aliyembeba Mzee Enoki

Mzee Enoki wa Busale alidanganya. Mkuu wa msafara wa watalii, kijana mmoja wa kuja aitwaye Wilson, alimuuliza kama ataweza kushuka ngazi ya meli, kuruka majini na kutembea juu ya mawe. Mzee akacheka. "Kijana, mimi ni mkulima wa mpunga. Maji niyaogopee wapi?" Huku nyonga ilishavunjika zamani na magongo mawili yako kwapani! Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye hata kuinama kwenyewe hawezi.

Shida yake ni hii. Mwanawe Godwin alikufa maji, ziwa likamtupa kwenye kighuba kimoja mbele ya kijiji cha Lyulilo, mahali milima imeingia ziwani na barabara hakuna. Kule, aliyekufa maji huzikwa palepale ziwa lilipomwacha. Siku hiyo Enoki alikuwa hospitali na nyonga yake, hakutupa hata konzi moja ya udongo. Tangu hapo Godwin hamwachi. Kila masika anakuja mlangoni, nguo zinachuruzika, anasimama, haingii. "Tata, baba yangu, hukunizika," anasema, basi. Mzee amechoka kumwogopa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Wenye mitumbwi walimkataa, eti atawazamisha. Ndipo akasikia habari za meli ndogo ya watalii inayotia nanga kwenye kighuba kilekile.

Asichojua ni kwamba mpishi wa meli hiyo alikuwa Atupele, mjane wa Godwin. Mkwewe! Na kwa Wanyakyusa wa rika la Enoki, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawagusani wala hawasemezani. Atupele alipomwona tu alijitupia kanga kichwani, akakimbilia jikoni. Watalii wakadhani anacheza.

Kighubani wageni walishushwa kwa boti ya mpira. Mawe yaliizuia isifike ufukweni, ikabidi watu waruke kwenye maji ya kiunoni. Wenye miguu yao wakaruka wakicheka. Wilson akayatazama magongo, akatikisa kichwa.

"Mzee, ulinidanganya. Ukivunjika tena hapa nitawaambia nini wanao? Baki na dada Atupele, atashika boti. Si ndugu nyie? Mtapiga stori."

Akaenda zake na wageni nyuma ya jabali, kuogelea na samaki wa rangi. Piga stori! Asiyejua mila usimlaumu, lakini lo, anaudhi.

Atupele alikaa mbele ya boti, mgongo kwa mzee, kanga kichwani. Kaburi lilikuwa linaonekana kabisa, rundo la mawe na msalaba ulioinama. Enoki akalikodolea macho. Afike mpaka hapa, kisha arudi vilevile?

Baba mkwe akibanwa husema na kitu, mkwewe akasikia. Basi akaisemesha boti.

"Ewe boti, mwambie mwenzangu anibebe. Nitafunika uso kwa koti, sitamwona. Mwambie mzee amechoka."

Akajifunika, akangoja. Mara akasikia mtu anashuka majini taratibu, boti ikayumba, na mgongo mpana uliolowa ukaja kifuani pake. Akaukumbatia. Baridi gani ile! Alibebwa juu ya mawe yaleyale bila kuyumba hata kidogo, akawekwa mchangani kama yai.

"Ndaga fijo, asante sana mwanangu," akasema ndani ya koti. Akasubiri kidogo ili mkwewe apate kujiondokea, kisha akalifunua.

Alikuwa kando ya kaburi. Na kule kwenye boti Atupele alikuwa amekaa vilevile, mgongo kwake, kanga kavu. Ndio kwanza alikuwa anajibu, huku analia.

"Ewe boti, mwambie baba siwezi. Nitamgusaje? Anisamehe."

Nywele zilimsimama Enoki. Nyayo zilitoka majini mpaka kaburini, za kurudi hazikuwapo. Alitaka kupiga kelele, lakini mkono ulijua wajibu wake. Ukachota udongo, ukautupa juu ya mawe.

"Nimekuja, Godwin. Pumzika, mwanangu, nimekuja."

Akalia kwa sauti, na moyo ukawa mwepesi, mwepesi hata akauogopa. Ndipo mgongo ule uliolowa ukainama mbele yake. "Panda, tata," sauti ikasema, "twende." Haukuelekea kwenye boti. Ulielekea upande wa pili, kwenye maji meusi ya kina. Na mzee wa watu akanyoosha mikono, kwani nani amkatalie mwanawe mara ya pili?

Kilio chake ndicho kilichomgeuza Atupele. Alimwona mzee yuko majini, maji ya kifua, amekumbatia hewa na anazidi kwenda. Akajitosa. Alimfikia, akamshika uso kwa mikono miwili, yeye ambaye hakupaswa hata kukanyaga kivuli chake, akamkazia macho.

"Niangalie mimi, tata! Usimfuate. Atakayekurudisha ni mimi."

Akamtia mgongoni. Alijikwaa, akameza maji, akaendelea. Nyuma yao miguu ya mtu mwingine ilikuwa inapasua maji, polepole, haiachi. Ilifuata mpaka Atupele alipomsukumia mzee ndani ya boti, akageuka, kwa hofu na kwa mapenzi.

"Godwin, inatosha. Baba ameshakuzika. Wewe nilishakukosa, huyu niachie."

Maji yakanyamaza.