Siku Arobaini za Beberu

"Mshike pembe, usimwonee huruma," Rwegoshora alisema, akapiga goti nyuma ya dume la Elipidius.

Aliutafuta mshipa kwa vidole viwili, akausogeza pembeni chini ya ngozi, akaubana kwa koleo la kuhasia. Kikasikika kishindo kidogo, kama kijiti kinachovunjika ndani ya gunia. Dume likaguna, mapaja yakatetemeka. Sasa ilikuwa zamu ya sala. Marehemu baba yake, aliyemrithisha koleo hilo, alimfundisha kulishikilia kwa muda wa Baba Yetu moja isiyo na haraka. Kwa miaka ishirini Rwegoshora alikuwa akihasi madume ya Mabira kwa sala hiyo, na hakuna mfugaji aliyewahi kumrudia na malalamiko.

"Halafu hongera, mzee," Elipidius alisema huku amening'inia pembeni mwa kichwa cha ng'ombe. "Nasikia Mama Edgar ana mzigo tena. Wewe unawafunga wenzako, wewe nani atakufunga?"

Akacheka peke yake. Rwegoshora alikuwa amefika kwenye mkate wa kila siku. Sala ikamponyoka.

"Nani kakwambia?"

"Juzi, dukani kwa Anwar. Anwar mwenyewe alikuwa anafurahi, utadhani mtoto ni wake."

Juzi. Yeye, mwenye mke, aliambiwa jana jioni. Deodatha alimwambia akimenya ndizi, bila kuinua macho: "Baba Edgar, nina mimba. Miezi mitatu." Rwegoshora alitoka nje akazunguka migomba hadi umande ukamlowesha magoti. Na kumbe Anwar, muuza vitambaa, alikwisha kuzijua habari hizo siku moja kabla yake!

Alifungua koleo. Hakukumbuka kama sala ilikuwa imekwisha au bado.

Kulikuwa na jambo ambalo Elipidius hakulijua, wala mtu yeyote Mabira, isipokuwa mke wake. Mwezi wa sita, kahawa ikiwa imeanikwa kila ua, Rwegoshora alipanda bodaboda hadi hospitali ya Nyakahanga akafungwa uzazi. Alikwenda kwa hiari yake. Uzazi wa mwisho wa Deodatha ulimwaga damu nyingi kiasi kwamba daktari alimwita mume pembeni akamwambia: huyu akibeba mwingine, usimlaumu Mungu. Sindano za uzazi wa mpango zilimvimbisha, vidonge vilimtapisha. Basi Rwegoshora akasema, nitakwenda mimi. Na alikwenda, japo moyo ulimdunda kuliko wa fahali yeyote aliyewahi kumpigia goti.

Nesi Mackrine alimcheka aliposikia kazi yake. "Usiogope, mhasi. Wewe unaua mshipa wote. Sisi tunakata mirija miwili ya mbegu tu, mingine hatuigusi. Sauti yako ni ileile, nguvu zako ni zilezile. Kitandani hata mkeo hataona tofauti."

Na kweli hakuona. Dakika chache, nyuzi mbili, siku kadhaa za kutembea kama aliyekalia siafu, basi. Lakini kama mbegu haina njia tena, na Deodatha ana mimba ya miezi mitatu, na yeye amefungwa miezi mitano iliyopita, basi mtoto ni wa nani? Tatu ni ndogo kuliko tano. Hesabu hiyo hata mchunga mbuzi anaiweza. Aliirudia njia nzima kutoka kwa Elipidius, na kila alipoirudia, jibu lilikuja limevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi.

Anwar! Anwar mwenye baba wa Tanga na Kiswahili laini kinachoteleza kama mlenda. Anwar aliyempa Deodatha nafasi ya kuweka cherehani barazani kwake, mwaka wa tatu sasa, "bure kabisa, dada, wewe nishonee tu wateja wangu." Bure! Nani hutoa baraza bure? Rwegoshora aliziona zile birika za chai ya tangawizi. Aliyaona yale mapande ya kitenge yaliyobaki ambayo Deodatha alirudi nayo nyumbani. Aliona jinsi mkewe anavyocheka pale, kicheko cha meno yote, ambacho nyumbani hukiacha mlangoni pamoja na kandambili. Haya yote aliyaona zamani akayameza. Leo yalipanda yote pamoja, machungu, hadi kwenye ulimi.

Alipofika senta, kwenye maduka ya kijiji, jua lilikuwa la utosi. Barazani walikuwapo wanaume wanne, na Anwar, na Zuena mke wa Anwar aliyekuwa akipima gauni. Deodatha alikuwa akikanyaga cherehani, sindano ikila kitambaa.

"Karibu, kaka Rwegoshora," Anwar alisema. "Hongera, bwana. Neema imeongezeka."

"Hongera ya nini? Unanipongeza au unajipongeza?"

Cherehani ikanyamaza.

"Sikuelewi, kaka."

"Utanielewa. Mimi kazi yangu unaijua." Akalinyanyua koleo. Wanaume wakasogea nyuma, mmoja akakohoa ili asicheke. "Muulize huyu mwanamke mimba ni ya nani."

"Waitu, jamani, Baba Edgar," Deodatha alisema taratibu. "Twende nyumbani tukaongee."

"Ongea hapa. Si hapa ndipo unapoongea vizuri?"

Deodatha aliwatazama wale wanaume, mmoja baada ya mwingine, kisha akamtazama mumewe. Midomo ikafunguka. Rwegoshora akaliona neno limesimama mlangoni mwa kinywa chake, neno moja ambalo lingemvua yeye nguo mbele ya senta nzima. Akangoja. Deodatha akafunga mdomo. Alikunja shono lililokuwa mkononi, pande kwa pande, kama mtu anayekunja nguo za safari.

"Uliambiwa urudi," alisema kwa sauti ya chini, ya kusikiwa naye peke yake. "Ulirudi?"

Lakini wivu hauna masikio. Rwegoshora aling'oa mkanda, akalegeza parafujo, akakinyanyua kichwa cha cherehani, akakitumbukiza kwenye gunia alilobebea koleo. Miguu ya chuma ikabaki barazani na meza yake tupu, mfano wa dume lililokatwa kichwa bila kuanguka.

"Ulizijulia wapi habari zake kabla yangu?" alimuuliza Anwar akiwa tayari barabarani.

Zuena ndiye aliyejibu, pini bado ziko mdomoni. "Alianguka hapa, shemeji. Mimi ndiye nilimnawisha uso. Mimi ndiye nilimuuliza. Na huyu wangu hajui kufunga domo."

Rwegoshora hakugeuka.

Usiku Deodatha alilala na watoto. Alfajiri alitoka kwenda senta kama kawaida, bila cherehani. Rwegoshora alikuwa uani akinoa kisu ambacho hakikuwa butu, Bibi Salvina alipoingia akimkokota mbuzi jike kwa kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtazame huyu."

Rwegoshora akamtazama. Akampapasa tumbo. "Ana mimba."

"Ana mimba! Na kule kilimani kwangu hakuna beberu mwingine ila yule uliyemhasi wewe. Koleo lako limezeeka au mwenye koleo ndiye amezeeka?"

"Bibi, nilikwambia umtenge siku arobaini. Ulimtenga?"

"Nilimtenga wiki moja. Nikamwona mpole, anakula, ananenepa, nikasema kazi imekwisha."

"Upole si kitu!" Rwegoshora alisema kwa hasira ya fundi anayerudia somo. "Kila mtu namwambia, na hakuna anayesikia. Mimi nafunga mlango, lakini mbegu iliyokwisha kuvuka mlango iko njiani bado. Inaishi. Inangoja. Ndiyo maana unamtenga hadi iishe yote. Ukimwachia mapema, atapanda, na ata..."

"Na atazalisha," Bibi Salvina alimmalizia. "Sasa nimlaumu nani? Huyu jike wangu? Nimfukuze?"

Kisu kilikuwa kimesimama juu ya jiwe. Rwegoshora aliona meza nyeupe ya Nesi Mackrine, na mkono wake ukisukuma pakiti za kondomu upande wa pili. "Miezi mitatu, baba, utatumia hizi. Kisha unarudi na kijichupa cha mbegu zako tunapima. Tukikwambia njia ni tupu, ndipo uzitupe. Umeelewa?" Naye alijibu, kwa kiburi kilichojaa kifua: "Nesi, kazi hii naijua kabla wewe hujazaliwa." Pakiti alizitumia siku kumi. Kisha akazichomeka juu ya dari, nyuma ya mbegu za maharage, kwa sababu kidonda kilikuwa kimepona na kwa sababu yeye si beberu wa kutengwa. Na kijichupa? Mwanamume mzima, akabidhi kijichupa cha namna ile dirishani, mbele ya foleni?

"Si jike, bibi," alisema hatimaye.

"Basi ni nani?"

Rwegoshora alikwenda kutafuta bodaboda.

Nesi Mackrine alimsikiliza hadi mwisho. Hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi. "Mganga hajigangi, ee?" alisema tu, akampa kijichupa, akamwonyesha chumba. Baada ya saa moja na nusu alimwita.

"Ni tupu. Leo umefungwa kweli."

Rwegoshora akashika ukingo wa meza. "Na ule mwezi wa nane?"

"Kijichupa cha leo kinasema ya leo, baba. Ya mwezi wa nane ilikuwa kazi yako kuja kuuliza. Mbegu zilizokuwa mbele ya mkato zingeweza kuwapo bado, na wengi hushika mimba hivyohivyo. Lakini kama unataka nikupe karatasi ya kukuapia, mimi sina."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo unamwamini mkeo au humwamini." Akafungua daftari la miadi. "Na uchague upesi, maana faili lake nimeliona. Mimba hii haifai kuletwa hapa mara ya kwanza ikiwa imefikia miezi minane. Mlete kesho. Aliye katika hatari si wewe."

Njia nzima ya kurudi, vumbi jekundu likimjaa kope, wivu ulimpanda na kushuka. Akimwona Anwar akimimina chai, ulipanda. Akiona midomo ya Deodatha ikifunguka na kufunga mbele ya wale wanaume, ulishuka. Neno moja tu, mume wangu amefungwa, na yeye angekuwa kichekesho cha senta. Angelisema, angejiosha kidogo, maana wangeanza kumcheka yeye Rwegoshora. Hakulisema. Alichagua kuitwa malaya.

Alipitia nyumbani akachukua gunia. Kichwa cha cherehani kilikuwa kizito kuliko jana.

Barazani walikuwapo walewale wanne; watu hawakosi tamasha la siku mbili. Deodatha alikuwa ameketi mahali pake, mbele ya meza tupu, akishona pindo kwa mkono. Mguu wake ulikuwa juu ya kanyagio, kwa mazoea. Kando yake kikombe cha chai, na wivu ukainua kichwa kama nyoka aliyekanyagwa nusu. Rwegoshora akautazama, akaupita.

"Mhasi amerudi," mmoja alinong'ona. "Anwar, ficha vyako!"

Wakacheka. Anwar hakucheka.

"Sikilizeni," Rwegoshora alisema. "Jana nilisema uongo hapa. Mimi mwezi wa sita nilifungwa uzazi Nyakahanga. Niliambiwa nijilinde miezi mitatu na nirudi kupima. Sikujilinda. Sikurudi. Mimba ni yangu."

Mmoja akapiga paja: "Mhasi kahasiwa! Jamani, mhasi kahasiwa!"

"Kufungwa si kuhasiwa," Rwegoshora alisema. Alitaka kueleza mirija miwili, sauti ileile, nguvu zilezile, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha kuwazoa na maneno yake yalizama humo. Akawaacha wacheke. Kwa Anwar alisema, "Nisamehe, bwana," na maneno hayo yalimkwaruza kama mwiba wa samaki. Anwar akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Rwegoshora alikiweka kichwa cha cherehani mezani, akakaza parafujo. Kisha akapiga goti vumbini, kama anavyopiga goti nyuma ya madume, akauvuta mkanda kutoka gurudumu la chini hadi la juu.

"Kesho tunakwenda Nyakahanga," alisema akiwa kule chini. "Wote wawili. Nesi anakungoja."

Deodatha alikata uzi kwa meno, akafunga fundo, akaanza pindo jingine kwa mkono.

Rwegoshora alibaki pale, goti moja chini, vidole kwenye mkanda. Mbele ya macho yake ulikuwapo mguu wa mkewe, umevimba kidogo kifundoni, umetulia juu ya kanyagio, haujakanyaga.