Balbu ya Studio

Nimekuwa fundi mitambo wa redio yetu hapa Ngara kwa miaka kumi na moja, na sijawahi kuona kinyaa kama cha wiki ile.

Juu ya mlango wa studio kuna taa nyekundu. Tecla, mtangazaji wetu, akibonyeza swichi ya maiki, taa inawaka na kila mtu anajua tuko hewani. Mitambo ni ya zamani, lakini swichi ile haijawahi kutuangusha. Jumatatu nikakuta taa haina balbu. Meneja wetu, Wiston, alikuwa ameichomoa akaipeleka nyumbani kupasha joto vifaranga wake.

"Juvenali, kwani watu hawana masikio?" aliniambia, kinyesi cha kuku kimemkaukia kiatuni.

Jumatano asubuhi Tecla alikuwa akisoma matangazo ya vifo. Akafika kwa mzee Kazimili wa Bukiriro. Familia ilikuwa ikimtafuta mdogo wake, Privatus, aliyehamia Kaniha. Hana simu, ana redio tu.

"Mazishi yatafanyika..."

Wiston akafungua mlango kwa kishindo.

"Kazimili kafa?" akacheka. "Mlevi yule! Hata funza watalewa!"

Nikazima maiki, lakini wilaya mbili zilishasikia.

"Kaka, nirudie?" Tecla aliniuliza.

"Hakuna kurudia," Wiston akasema. "Mkirudia watu watakumbuka. Wekeni muziki."

Nami, mtu mzima mwenye mke na watoto, nikaweka muziki. Najichukia kwa hilo kuliko ninavyomchukia yeye.

Ijumaa akaja mzee mmoja, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Privatus, natoka Kaniha. Nilisikia kaka amekufa, halafu mkakatisha." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Nikajua mtarudia. Nimekaa na redio juzi kutwa, na jana kutwa. Nikaona nije niulize mwenyewe. Tunamzika lini?"

Nikamvutia kiti.

"Alizikwa jana, baba."

Akakaa chini palepale mlangoni. Wiston akatoka ofisini, akamruka kama mtu anayeruka dimbwi, akaenda kunywa chai.