Mlango wa Pembeni wa Hiace

Jumamosi hiyo, baada ya chai, Jacob alitandika gunia chini, akavua shati, akaanza kuutoa mlango wa pembeni wa Hiace yake, ule wa kusukuma. Vigurudumu vidogo vinavyoubeba vilikuwa vimekwisha, na kila ulipofunguliwa uliburuzika kwenye reli kwa kelele ya kuudhi mtaa mzima. Mke wake Adèle alisimama karibu naye na beseni la vifaa. Jacob hakuwa akitaja tena majina ya vifaa. Alinyoosha mkono tu, na Adèle akampa clé ya treize au tournevis, kwa maana alikwisha kujua, kwa jinsi vidole vilivyokaa, mkono ule ulitaka nini.

Gari lilikuwa juu ya magogo ya mikaratusi tangu walipokimbia vita nalo. Lilikuwa limewatoa Kalunguta na magodoro, sufuria, kuku, mama yake Jacob na majirani waliopata nafasi. Likapanda vilima vyote likitoa moshi, likaingia kwenye parcelle hii, kiwanja cha mtaa wa Furu, mjini Butembo, na kuzimika lenyewe kabla Jacob hajakata contact kwa ufunguo. Compteur yake ilikuwa imezunguka hadi mwisho, ikaanza upya, kisha ikasimama siku moja kwenye njia ya Mbau, kwa hiyo hakuna aliyejua Hiace ilikuwa imetembea kilometa ngapi. Jacob aliifungua kipande kwa kipande. Joint ya carter, ya kuzuia mafuta ya injini yasivuje, aliikata mwenyewe kwenye karatasi ngumu ya boksi na kuilowesha mafuta. Mipira ya springi za mbele aliichonga kwenye tairi la kamio, yaani lori. Kilichobaki ni embrayage, yaani klachi, na huo mlango.

Vigurudumu vipya alivitoa kwenye chukudu iliyovunjika, kigari cha mbao cha kubebea mizigo. Grisi ilikuwa imekwisha, akapaka reli mawese. Akauinua mlango pamoja na Adèle, wakaupachika, akausukuma. Ulifunguka bila sauti.

Upande wa pili, pale vilipopaswa kuwa viti, kulikuwa na shamba lao la Kalunguta.

Upepo ulitoka mle ukawapiga usoni, upepo wa vuguvugu, wenye harufu ya maua ya kahawa, na asubuhi ile Butembo kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni vipande vipande, kama nguo zinazoanuliwa. Mparachichi ulikuwa palepale, na lile tawi lake lililochomwa na radi. Njia nyekundu ilishuka hadi kwenye kijito, na kijito kilisikika. Kuku ndio walioingia kwanza.

Jacob aliusukuma mlango mbele na nyuma, sikio lake karibu na reli.

"Sasa inatembea bien," alisema.

"Minaona," alijibu Adèle kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuta misa imekwisha kuanza. Akaketi juu ya bidoni ya mafuta. Kwa muda mrefu hakufanya kitu kingine ila kuangalia. Alikuwa amekisahau kijani kile. Alidhani anakikumbuka, kumbe alikuwa anakumbuka neno lake tu.

Mama mkwe wake, Tamar, alikuwa chini ya ukuta akichambua maharage. Aliweka ungo kando, akaja taratibu, akaangalia ndani.

"Adèle, uniletee biatu byangu," alisema. "Bile bya kanisa."

Wakavuka wote watatu. Kule, mlango ulikuwa umesimama peke yake kwenye majani, mahali ambapo zamani Jacob aliegesha Hiace kupakia mihogo. Ukiwa shambani ungeweza kutazama nyuma na kuuona ukuta wa nyumba ya Butembo, bomba la maji na nguo za Adèle kwenye kamba. Tamar hakutazama nyuma. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kaburi la mume wake, pembeni ya migomba, akainama, akaanza kung'oa magugu.

Hayakuwa mengi, na hilo ndilo Adèle aliloliona kwanza. Walikuwa wameambiwa shamba limekuwa pori. Mumbere, mdogo wake Jacob, ambaye alikataa kukimbia, aliwapigia simu mara kwa mara akiwaambia kwamba nyasi zimepita kichwa cha mtu, kwamba hakuna anayethubutu kuingia, kwamba wasijaribu kurudi. Sasa mbele yao maharage yalikuwa yamepandwa kwa mistari iliyonyooka, na kahawa imekatwa matawi vizuri.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akilima aliwaona, akasimamisha jembe.

"Wavukire, mama," alisalimu kwa Kinande. "Miye Florentine, nafanya kazi hapa. Mulipitia wapi? Barabara ilifunguliwa?"

"Hapana," Jacob alijibu. "Tulipitia mu mulango ya Hiace."

Florentine aliutazama mlango. "Ah. Hiace iko nguvu. Na embrayage?"

"Embrayage bado."

"Hiyo ndiyo inasumbuaka," alisema Florentine.

Adèle akamwuliza shamba lilikuwa la nani. Florentine alimwambia bila kuficha, kwa kuwa hakujua kwamba kuna kitu cha kuficha. Lilikuwa la patron Edmond, mwenye depo ya mazao kule Butembo. Alilinunua kwa Mumbere.

"Mumbere gani?" aliuliza Jacob.

"Mumbere mudogo yako, papa. Munafanana. Aliuzishaka mbele aende Manguredjipa kutafuta zahabu."

Jacob alifuta mikono yake kwenye suruali, ingawa mawese yalikuwa yamekwisha kukauka.

"Na bale ba bunduki?" aliuliza Adèle. "Bale balitufukuza?"

Florentine alionyesha kwa kidevu mlima wa ng'ambo, ambako moshi mwembamba ulikuwa unapanda. "Beko kule. Banasikilizana na patron. Batu bake habagusi."

Alisema hivyo kama anavyosema mtu juu ya mvua, kisha akawachumia sombe, majani ya mihogo, ya kwenda kupika.

Habari ilienea mtaani kabla ya mchana. Wakimbizi wengine wa Kalunguta walikuja, wakasimama kwenye mstari kando ya bomba. Adèle aliwaomba wapanguse miguu, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Wengine walivuka, wakashuka hadi kwenye kijito, wakanawa uso, wakarudi. Mzee mmoja hakuvuka. Aliweka mkono wake ndani ya mlango tu, kiganja juu, akaacha jua la kule limpige, kisha akaenda zake. Mlango wa nyuma wa Hiace ulipofunguliwa, ndani mlikuwa na viti, jeki na tairi la akiba, kama kawaida.

Jirani yao Maulidi, ambaye familia yake ilifanya uchukuzi kati ya Beni na Butembo tangu enzi za baba yake, alikuja na kopo la grisi chini ya kwapa. Aliikagua reli kwa kidole, kabla ya kukiangalia kilima.

"Mawese itakauka, Jacob. Itashika vumbi," alisema. "Tia hii." Kisha akaangalia kule ndani, akafungua viganja vyake, na midomo yake ikatembea kidogo bila sauti. "Miye nilikuwa na Hiace kama hii," alisema baadaye. "Kila tulipita ku nyumba kwenye nilizaliwa, pale Beni, volant ilivuta gari kuume. Hata nyuma ya kunyoosha magurudumu, ile parallélisme. Gari ikizeeka, iko na bintu byake."

Jumatatu Jacob alikwenda kwenye depo ya Edmond. Edmond alimpokea vizuri, akampa kiti na Fanta, akamwambia kwamba yeye aliuziwa, na mashahidi walikuwepo, na mwenye kosa, kama kosa lipo, ni ndugu wa damu. Hata hivyo aliomba kuuona mlango. Akaja jioni hiyohiyo na viatu vyake vya ngozi, akasimama mbele ya Hiace.

Alikuwa hajawahi kuliona shamba hilo, maana alilinunua akiwa amekaa mezani. Sasa jua lilikuwa linatua nyuma ya migomba, na kila jani la kahawa lilikuwa na mwanga wake. Edmond alisimama mpaka Adèle akamletea kiti, naye hakukiona kiti. Macho yake yalijaa maji.

"Iko muzuri sana," alisema. "Hawakuniambia kama iko muzuri hivi."

Kisha akapanua mikono, akapima upana wa mlango.

"Jacob, magunia yangu banayazuia ku kila barrière ya barabara," alisema. "Yanafika yameoza. Na mulango yako inafungukia kwangu, sivyo? Mama yako anavuka kwangu, majirani banavuka kwangu. Sikatazi. Mais tusaidiane."

Alipoondoka, Adèle alisema lake. "Tuifunge, Jacob. Weka cadenas. Ile jasho yetu haitapita hapa mbele ya macho yetu ikienda ku depo yake."

Jacob alikuwa amekwisha kuingiza mkono kwenye beseni kutafuta kufuli, aliposikia mama yake akikohoa.

"Kama munafunga," Tamar alisema, "mufunge wakati niko kule."

Wabeba mizigo walianza kuja. Walikuwa watu wa adabu, waliamkia kabla ya kuvuka. Walitoka na magunia ya maharage, mikungu ya ndizi na kahawa, wakayapanga kwenye chukudu zilizosubiri njiani. Jacob alipaka grisi reli kila asubuhi, kwa sababu mzigo ule ulichosha vigurudumu. Tamar alivuka kabla yao, na viatu vyake vya kanisa na jembe dogo, akarudi jua linapozama. Alianza kunenepa. Usiku alilala bila kugeukageuka.

Kabla ya mvua kubwa kuanza, Maulidi alimpatia Jacob embrayage ya gari lililokufa kule Beni. Jacob alilala chini ya Hiace siku mbili, Adèle akishikilia na kupokea, mpaka ikakaa. Walipoondoa magogo, Jacob akapanda, akazungusha ufunguo. Moteur ilikohoa, ikakataa, ikashika.

Adèle alikuwa amesimama kwenye mlango wa pembeni, na alikiona kilima kikitetemeka. Kilitetemeka kwa mdundo wa moteur, polepole, toka kijitoni hadi juu. Migomba ilitikisa majani yote pamoja. Maparachichi yakaanza kudondoka, moja, jingine, kisha mengi. Ndege waliruka wakazunguka angani bila kujua watue wapi. Mama Tamar, kando ya kaburi, aliweka kiganja chake juu ya udongo kama anavyofanya mtu kumtuliza ng'ombe. Adèle alihisi mtetemo huo ukimpanda toka nyayo hadi kwenye meno, na akajua kwamba shamba lote lilikuwa limefungwa kwenye gari lao. Alishika fremu kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kumwangusha mtoto.

Jacob alikuwa amekanyaga embrayage, première, gia ya kwanza, imeingia. Barabara ya Beni ilikuwa pale mbele, nje ya lango. Tangu wafike alikuwa akiiwaza kazi yake ya zamani, abiria, mizigo, jina lake likiitwa kwenye parking. Aligeuza kichwa, akamwona mkewe jinsi alivyoshika.

"Mama eko wapi?" aliuliza.

"Eko kule."

Akarudisha levier ya gia katikati, akakata contact. Wakayarudisha magogo. Tangu hapo aliiwasha Hiace Jumapili tu, kidogo, ili batterie isife, na Florentine na wenzake wakaja na vikapu Jumapili kuokota maparachichi.

Tamar alifariki mwezi wa kumi na moja, mchana. Florentine alimkuta ameegemea mgomba, jembe mapajani, akaja kugonga kwenye bati la mlango, akasema polepole, "Mama Adèle, njo." Edmond alituma sanda, sukari na pole zake. Aliruhusu azikwe kando ya mume wake, ila isiwe ng'ambo ya migomba, kwa kuwa kule kahawa mpya ingepandwa.

Jeneza lilibebwa kutoka nyumbani hadi kwenye Hiace, likaingizwa kupitia mlango wa pembeni, kichwa mbele. Kwaya ilivuka ikiimba. Maulidi na watu wa nyumbani kwake walivuka nyuma ya kwaya, kofia kichwani. Mtaa mzima ulivuka, na kila mtu, akishaweka mguu kwenye majani yale, sauti yake ilishuka. Wimbo ukawa mwembamba na wa juu, ukaenda hadi mlima wa ng'ambo, na wale wa bunduki wa kule wakasimama karibu na moshi wao, wakasikiliza hadi mwisho. Wabeba mizigo waliweka magunia chini mpaka kaburi likafukiwa. Kisha wakayainua.

Wiki iliyofuata msimamizi wa Edmond alikuja asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha Butembo, ile ya baridi isiyokatika, na mlangoni kulikuwa na jua. Alisema patron ameomba kitu kimoja, kama haiwasumbui. Wanaoingia walikuwa wanagongana na wanaotoka. Je, Jacob angeweza kukata mlango wa pili, upande wa kushoto?

Jacob alizunguka gari, akagonga bati kwa kifundo cha kidole, hapa, na hapa, akisikiliza. Akanyoosha mkono. Adèle akampa mita ya kupimia.